Dakika Kumi za Mama Mkubwa

Mimi ni mtu wa kupanga. Kazini ni karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na miaka yote hiyo ya kuandika kilichoingia na kilichotoka imeniharibu. Siwezi kwenda hata mazishini bila karatasi mkononi. Kwa hivyo tulipokubaliana kama familia kwamba Desemba ile tungekwenda Mombasa kwa gari, sote pamoja, hakuna aliyeuliza nani atapanga. Ndugu yangu alinitazama tu akacheka, akasema kazi yake yeye ni usukani.

Tulikutana kwa mama, mtaa wa Huruma, Jumapili moja baada ya kanisa. Mama anakaa ghorofa ya nne ya jumba lile lile alilotulea, na nguo za majirani wa juu zinamdondoshea maji dirishani tangu mimi nikiwa darasa la pili. Nimemwomba mara nyingi ahamie kwangu Umoja. Hataki. Anasema Umoja watu hawasalimiani. Siku hiyo ndugu yangu alikuwa amepitia Kiamaiko akaleta mbavu za mbuzi, mama akazipika kwa ugali, na tulipomaliza kula nikatoa daftari langu nikafungua kikao.

Kanuni ilikuwa moja: kila mtu achague kituo kimoja cha kujifurahisha njiani. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba safari ndefu na watoto haina raha bila vituo, nikaona hilo ni jambo la watu wastaarabu. Sisi tulipokuwa wadogo safari ilikuwa kuingia basi na kunyamaza mpaka ufike, na ukibanwa na haja unavumilia. Nilitaka wanangu wapate kitu tofauti. Nasema hivi ili ijulikane kwamba nia ilikuwa nzuri, ingawa najua nia nzuri hainisaidii katika habari hii.

Ndugu yangu, ambaye hajaoa na hapendi kuulizwa, alichagua Emali kwa sababu ya chai ya maziwa ya mama mmoja anayemjua pale. Binti yangu, wakati huo ana miaka kumi na miwili, alitaka hoteli fulani ya Mtito Andei yenye bwawa la kuogelea. Mdogo wake alitaka ndovu, nikamwandikia Voi, ambako tungelala. Mimi nilichagua twiga wa saruji aliye nje ya kituo kimoja cha petroli, apate kuwa nyuma yetu kwenye picha. Mume wangu hakupewa likizo, kwa hivyo hakuwa na kura.

Nikamgeukia mama. Alikuwa anafuta meza. Akasema yeye hana haja ya twiga, sisi tumshushe kwa dada yake.

Dada yake huyo ndiye mama mkubwa. Anakaa kati ya Makindu na Kibwezi, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabara kuu. Lazima nieleze kwamba kwangu mimi hakuwa jamaa wa kupelekewa sukari Krismasi. Mama alipokuja Nairobi kutafuta kazi za nyumba za watu, mimi nilikuwa nimeachishwa ziwa juzi tu, na aliniacha kwa dada yake. Nilikaa huko mpaka nilipofika umri wa kuanza shule. Mama mkubwa alinibeba mgongoni kwenda kisimani na kurudi, mtungi juu ya punda mbele na mimi nyuma yake yeye. Nilipoletwa Huruma nililia wiki nzima nikimtaka mama, na mama mwenyewe alikuwa amesimama pale pale akinisikia. Hilo alinisimulia mwenyewe, siku moja akiwa na furaha, na hata hivyo niliona halijamtoka.

Binti yangu akauliza kwa mama mkubwa kuna nini. Mimi nilijua kuna nini. Kuna desturi. Kwetu huwezi kufika kwa mtu ukamsalimia ukaondoka. Utakaribishwa, utakaa, utaulizwa habari za mmoja mmoja mpaka wale waliokwisha kufa, kuku atakimbizwa, atachinjwa, atanyonyolewa, na muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka, yatachemka kwa kuni mpaka yaamue yenyewe kuiva. Saa tatu zitakuwa zimekwenda, na hapo mmeharakishwa. Ukikataa kula umemtukana mwenye nyumba.

Nikaandika: Mama mkubwa, dakika kumi.

Mama alichungulia daftari. Hasomi haraka, lakini tarakimu anazijua vizuri sana. Akasema dakika kumi ni za kushuka garini tu. Nikamweleza kwa sauti ile ninayotumia kwa madereva wa kiwandani wanaotaka kupakiwa mizigo kabla ya zamu yao: kwamba bwawa la Mtito hufungwa saa kumi na moja, kwamba tukiingia ndani hatutatoka, kwamba hii ni safari ya watoto. Nikapendekeza mama mkubwa atoke aje barabarani. Tungesimama, tungesalimiana, angewaona watoto, tungeendelea. Nilijiona nimetatua jambo.

Mama alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mwambie wewe," akasema. "Mimi sina mdomo wa kumwambia dada yangu anisalimie barabarani."

Nikampigia hapo hapo. Nilimweleza kwa haraka, nikitarajia anikemee, na angenikemea tu ningebadili mpango wote. Hakunikemea. Aliuliza tutapita saa ngapi, nikamwambia saa tano. Aliuliza gari ni la rangi gani. Nikamwambia ni nyeupe, tumelikodi, na kwa kuwa magari meupe ni mengi barabara ile, nitafunga kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni, upande wake, ili atujue kwa mbali. Akasema sawa, mwanangu, nitatoka. Nilipokata simu nikaandika kitambaa chekundu kwenye orodha ya vitu vya kubeba.

Tuliondoka alfajiri. Nilikuwa mbele, kushoto kwa ndugu yangu, daftari mapajani. Mama alikaa nyuma kati ya wajukuu wake, amejifunga leso mpya, na miguuni ameweka mfuko wa sukari, majani ya chai na mafuta ya kupikia ya kumpa dada yake. Alifurahi kwa namna ambayo sijaiona mara nyingi. Aliwahesabia watoto miji yote ya njiani kwa mpangilio, na mdogo alipoirudia kwa makosa alicheka mpaka akakohoa.

Mambo yaliharibika Mlolongo. Malori yalikuwa yamefungana kwenye mizani, hakuna anayekwenda wala anayerudi, na tulikaa pale saa mbili na nusu tukinunua karanga dirishani. Mtu mwenye akili angefuta twiga. Mimi sikumfuta. Tulisimama kwa twiga, na kwa sababu watoto walikuwa wamenuna picha zilikataa kuwa nzuri, nikawapanga upya, nikawapanga tena, dakika arobaini zikaenda kwa mnyama wa saruji. Emali tukanywa chai. Hapo mama alianza kulalamika kwamba barabara inamzungusha kichwa, nikampa kidonge cha kuzuia kutapika. Kidonge hicho humlaza. Ninajua humlaza, mimi ndiye humnunulia. Lakini naapa kwamba pale Emali nilikuwa ninamtibu tu.

Kabla usingizi haujamchukua alinigusa bega.

"Tukikaribia kwa dada yangu uniamshe, nijipanguse uso."

Nikamwambia nitamwamsha.

Tulipita Makindu ikiwa imekaribia saa tisa. Binti yangu alikuwa ameanza kuuliza kila baada ya kilomita mbili kama bwawa litakuwa bado wazi, na nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Nilijua dakika kumi hazitakuwa kumi. Mama angeshuka, angelia, dada yake angelia, mmoja angesema hata maji ya kunywa jamani, na tungejikuta tunatembea kwenda nyumbani, watoto wakivuta miguu vumbini. Tungelala huko. Chumba cha Voi kingelala bila watu. Haya yote yalipita kichwani mwangu kwa utulivu kabisa, kama ninavyokagua shelfu za stoo.

Ndugu yangu alikuwa na trela kubwa nyuma yake, limemkaribia mno, na macho yake hayakutoka kwenye kioo.

"Hii trela haina mchezo," akasema. "Ukiona hapo pa mama mkubwa uniambie mapema. Siwezi kufunga breki ghafla."

Nikamwona kabla sijajibu. Alikuwa amesimama kando ya barabara, hatua chache kutoka kibanda cha muuza mikeka, peke yake. Alikuwa amevaa sweta ya zambarau, ile ambayo mama alimtumia mwaka uliotangulia, sweta nzito ya sufu, katika jua la Kibwezi mchana. Kiondo kilikuwa begani kimejaa, na kwapani alikuwa ameshika jogoo mwekundu. Alikuwa akitazama upande wetu. Aliona kitambaa. Nilijua ameona kwa sababu alisogea mbele hatua moja, akainua mkono ule usio na jogoo.

"Ni hapa?" ndugu yangu akauliza.

Nikasema, "Bado. Mbele."

Tulikuwa na nafasi ya kusimama. Nimejaribu miaka hii yote kujiambia kwamba trela lilikuwa karibu, na lilikuwa karibu kweli, lakini nafasi ilikuwepo. Nilisema bado, na gari likampita. Kwa muda mfupi tulitazamana kupitia kioo, yeye na mimi. Mkono wangu ulikuwa umeanza kuinuka kumpungia, wenyewe, nikaupeleka kichwani nikajitengeneza nywele.

Kilomita tatu mbele nikamwambia ndugu yangu kwamba nadhani tumepita mahali, na kwamba sikumwona mtu. Aliuliza kama ageuze. Nikamwambia kama hakuwepo, hakuwepo.

Mama aliamka tukiingia Mtito Andei. Alitazama nje, akatambua mahali alipo, akaangalia mfuko wa sukari miguuni. Nikageuka nikamwambia, kabla hajauliza, kwamba tulipita pole pole na dada yake hakuwa pale. Aliniuliza kwa nini sikumwamsha. Nikasema sikuona haja ya kumwamsha kwa mtu asiyekuwepo. Maneno haya yalinitoka vizuri, bila kukwama, na mpaka leo hilo ndilo linalonitisha kuliko mengine. Alijaribu kumpigia simu, ilikuwa imezimwa. Mama mkubwa huizima ili kubana chaji.

Bwawa lilikuwa wazi. Watoto waliogelea saa nzima na zaidi. Mimi niliketi ukingoni na soda, nikihesabu kwamba tungesimama kwake hizo dakika kumi, hata arobaini, bwawa bado tungelikuta.

Jioni ile, Voi, simu ya mama mkubwa ikapatikana. Mama alitoka nje kuongea naye. Nilikaa kitandani nimeshika taulo la mtoto, nikingoja aingie aniite kwa jina langu lote. Nilikuwa nimeshatayarisha kusema kwamba pengine sikumtambua. Aliporudi aliketi kwenye kiti, akavua viatu, akasema dada yake amesahau siku.

"Amesahau," akarudia. "Amesema alikuwa shambani, siku zikamchanganya."

Nilielewa palepale kilichofanyika. Mama mkubwa alikuwa amepigiwa simu, akaulizwa ulikuwa wapi, akatambua kutoka kwenye swali hilo mimi nimesema nini, akanifunika.

Bahari tuliiona. Watoto walifurahi, na picha ninazo. Mama alisimama kwenye maji ya vifundoni ameshika viatu mkononi, akasema maji yote haya na dada yangu anachota kisimani, kisha akakumbuka kwamba amemkasirikia akanyamaza. Tuliporudi ndugu yangu alipunguza mwendo mahali pale na kuuliza kama tuingie. Mama akasema mtu aliyesahau siku asisumbuliwe. Mfuko wa sukari ukarudi Huruma.

Baada ya hapo wakaanza kupoeana. Hawakugombana, na wangegombana ingekuwa afadhali, maana wangepatana. Zamani walipigiana simu kila Jumapili, na kila baada ya mavuno mama mkubwa alituma gunia la ndengu, choroko za kwetu, kwa dereva wa basi anayemfahamu. Sasa Jumapili zilipita. Gunia lilikuja mara moja, mama akaligawia majirani wa ghorofa nzima, yeye hakupika hata kikombe kimoja. Wageni wakiulizia dada yake alisema yuko, ni mzima, amekuwa mtu wa kusahau. Aliisema mbele yangu mara nyingi, na kila mara nilipata kitu cha kuosha jikoni.

Nilivumilia karibu miaka miwili. Kisha siku moja nikadanganya kazini kwamba naumwa, nikapanda basi la asubuhi peke yangu, nikashuka kwenye kibanda cha mikeka. Nilitembea ile nusu saa. Nilipima mwendo kwa saa yangu, sijui kwa nini. Kwa miguu yangu ya viatu vya mpira ilikuwa dakika thelathini na nne, kwenye mchanga mwekundu unaozama. Yeye ana goti bovu, na siku ile alikuwa na kiondo na jogoo.

Nilimkuta uani akipepeta ndengu kwenye ungo. Hakushangaa. Alinikaribisha, akaniketisha, akaniuliza habari za mmoja mmoja, wanangu, mume wangu, kazi, majirani wa Huruma aliowahi kuwaona mara moja. Mama alimwacha mwisho. Kuku alikimbizwa. Nilikula yote aliyonipakulia, na nilipomaliza ndipo nikasema nimekuja kwa sababu ya siku ile.

Akaendelea kuchambua mawe kwenye ndengu.

"Kitambaa nilikiona kabla ya gari," akasema. "Mkapita. Nikajua mmekosa pa kusimama, lile lori liko nyuma yenu. Nikasema wamekwenda kugeuza mbele. Basi nikangoja mgeuze."

Sikuwa nimewaza hilo. Katika miaka yote miwili nilikuwa nimemwona akishusha mkono na kurudi nyumbani. Nilimuuliza alingoja kwa muda gani. Akasema si sana. Nilipokuwa mtoto, goti lake likivimba mpaka analiburuta, ukimuuliza kama linauma alijibu hivyo hivyo, si sana.

Nililia. Alinipa kona ya leso yake nijifute, bila kusimama. Nikamuuliza kwa nini alimwambia mama amesahau.

"Ningesema nilikuwepo, angekuuliza wewe," akasema. "Na wewe ungekosa la kujibu. Mimi la kujibu nilikuwa nalo."

Nikamwambia nitarudi Nairobi nimweleze mama kila kitu. Hapo ndipo aliponitazama. Alisema niache ibaki ilivyo. Mama akimkasirikia yeye, bado ni dada yake, wamezaliwa tumbo moja na hilo halina mwisho. Lakini akinikasirikia mimi, mimi nitaacha kupanda zile ngazi za Huruma, na mama atabaki na nani. Alilisema kama jambo alilolipima siku nyingi.

Na mimi nikakubali. Nilikubali haraka mno. Nilitembea kurudi barabarani na ndengu kilo tano kwenye mfuko, nikiona kwamba sasa nina ruhusa ya mwenyewe aliyekosewa, na ndani ya basi nililala usingizi mzuri. Zile ndengu nilimpelekea mama nikamwambia nimenunua sokoni Gikomba. Alizipika, akazisifu, akasema ndengu nzuri kama hizi zinatoka kwao tu.

Mwaka huu watoto wameomba Mombasa tena. Tulikutana kwa mama, Jumapili, baada ya kanisa, na mbavu kutoka Kiamaiko, kama mara ya kwanza. Binti yangu sasa ni msichana wa sekondari, na daftari amelichukua yeye. Nilifurahi kumwona hivyo, na pia nilipata woga kidogo, maana ana mwandiko wangu. Aliuliza kila mtu kituo chake. Mdogo wake akasema ndovu, ndugu yangu chai. Alipofika kwa bibi yake akauliza, "Na wewe shosho, tukuandikie kwa mama mkubwa?"

"Msiniandikie," mama akasema. "Yule hatoki barabarani."

Alisema bila hasira yoyote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Na binti yangu akainamisha kichwa akaanza kuandika hivyo, kwamba hakuna kituo pale. Niliona kalamu yake ikitembea. Sijui kama ningesema kitu siku ile bila hiyo kalamu.

"Alitoka," nikasema. "Mama, alitoka. Mimi nilimwona nikamwambia dereva tuendelee."

Ndugu yangu aliacha kutafuna. Nilisema yote kwa mfululizo, trela, bwawa, mkono nilioupeleka kwenye nywele, kwamba yeye alingoja tugeuze na sisi hatukuwa tunageuza popote, kwamba nilikwenda kwake na akaniambia ninyamaze, na zile ndengu. Watoto walikuwa wanasikia na sikuwatoa. Mama hakunikatiza hata mara moja. Juu maji ya nguo za jirani yalikuwa yanadondoka kwenye bati la dirisha.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Alikuwa amebeba nini?"

Nikamwambia kiondo, kimejaa, na jogoo mwekundu.

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini zaidi, kama alikuwa amevaa sweta. Nikasema ndiyo. Ile ya zambarau. Na jua lilikuwa kali. Mama aliweka kiganja mdomoni akakaa hivyo, na mimi, mtu wa kupanga, sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Baadaye aliinuka, akachukua simu yake juu ya televisheni, akatoka kwenye ujia wa nje. Mlango aliuacha wazi. Nilimsikia akisalimia salamu ndefu za kwao, zile zenye kujibiwa na kujibiwa tena, na nilisikia zinavyochukua muda kwa sababu zilikuwa na miaka mingi ya kuulizana. Halafu akauliza kama ile sweta bado anayo. Halafu akasikiliza, ameshika chuma cha ujia kwa mkono mmoja. Yaliyofuata yalikuwa Kikamba cha chini chini na sikuyasikia, isipokuwa mara moja alicheka, kicheko kilichokatika katikati.

Aliporudi ndani hakunitazama. Alivuta kiti akaketi karibu na binti yangu, akagonga daftari kwa kidole pale palipoandikwa kwamba hakuna kituo.

"Futa hapo," akamwambia. "Andika kwa dada yangu. Mimi nashuka na mzigo wangu, nyinyi mwende mkaogelee. Mtanipitia mkirudi."

Binti yangu akauliza aandike dakika ngapi. Mama akasema aandike siku zote tutakazokuwa baharini. Kisha akageuza uso, na kwa mara ya kwanza tangu niseme akaniangalia mimi, kwa muda, kama anayetaka kuhakikisha ni nani.

"Nitawangojea pale barabarani," akasema. "Mkiniona."